Koo la Isaka

Kijijini Sepuka, mtoto akitapika mara moja, watu husema ameshiba. Akitapika siku mbili mfululizo, husema mama yake amekula kitu. Akitapika mwezi mzima hakuna anayeuliza tena, kwa sababu jibu linajulikana: ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kimerefuka, kinamtekenya mtoto kooni, na dawa yake ni kukikata. Ndivyo wanavyosema, na mkataji yupo. Anaitwa mzee Ezekieli, mtu mpole, mkulima wa alizeti kama wengine, na nusu ya makoo ya kijiji hicho yamepitia mkononi mwake.

Felista hakuzaliwa Sepuka. Aliolewa hapo akitokea Ihanja, na hata Ihanja vimeo vinakatwa, kwa hiyo hakuweza kusema kwamba kwao ni tofauti. Alichoweza kusema ni kwamba hataki. Mwanzoni hakuwa na sababu nzuri zaidi ya hiyo.

Mwanawe Isaka alizaliwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshalowesha udongo. Wiki tatu alinyonya akalala, kama mtoto yeyote. Wiki ya nne akaanza kucheua. Si kule kucheua kwa kawaida, tone mdomoni ambalo unalifuta kwa kidole. Maziwa yalirudi kwa nguvu, mengine yakipitia puani, na baada ya hapo mtoto alijikunja kinyumenyume kama upinde akalia kilio cha mtu anayeungua. Kanga zote za Felista zikawa na madoa meupe begani. Nyumba ikanuka maziwa yaliyochacha. Alifua asubuhi, akafua jioni, na mvua ikiendelea kunyesha kanga hazikukauka, akawa anajitanda mbichi.

Mama mkwe wake aliitwa Elina, na haikuwa haki kumfanya mama mkwe mbaya wa kwenye hadithi. Ni yeye aliyemwogesha Isaka wiki zote za uzazi. Ni yeye aliyemchinjia Felista kuku wanne, akamkalia mpaka supu iishe. Elina alizaa watoto tisa akazika wawili, mmoja wao akiwa mchanga aliyetapika hivi hivi, na tangu hapo kila alipoona maziwa yakirudi kwenye mdomo wa mtoto aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Alimwambia Felista mara ya kwanza kwa upole, wakiwa wanachambua mboga.

"Mwanangu, huyu ana kimeo. Tumwite mzee."

"Nitampeleka kwanza kliniki, mama."

"Kliniki wampime uzito. Kimeo hawakijui."

"Ngoja nimpeleke."

Kituo cha afya kilikuwa na tabibu mmoja mwanamke, Magreth, kijana wa umri wa Felista mwenyewe, ambaye watu walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alimpima Isaka, akaweka nukta kwenye kadi, nukta ikakaa mahali pazuri. Kisha akauliza swali ambalo Felista hakulitegemea: ukishamnyonyesha unafanya nini?

"Namfunga mgongoni, naendelea na kazi."

"Kazi gani?"

"Palizi."

Magreth aliinama pale pale ofisini, mikono chini kama mtu anayepalilia, akageuza uso kumtazama. "Hivi?"

"Ndiyo."

"Basi mtoto kashiba, umemkaza na mbeleko, halafu umeinama kichwa chake kimeelekea chini. Unamkamua kama kiriba, mama Isaka. Mlango wa tumbo lake bado mlegevu. Kila akinyonya, mkalishe wima kifuani nusu saa, ndipo umfunge. Wengi wanaacha wenyewe wakianza kukaa."

Nusu saa. Lilikuwa neno dogo sana ofisini. Shambani lilikuwa kubwa kama kilima.

Wanawake kumi wa upande ule walikuwa na zamu ya palizi. Leo shamba la huyu, kesho la yule, wote kwa pamoja, kila mtu na mstari wake, na anayebaki nyuma huimbwa kwa kejeli. Kushika jembe pamoja na wenzako ni jambo moja. Kukaa chini wenzako wameshika jembe ni jambo jingine kabisa, na hata mgonjwa hulionea aibu. Felista alipokaa mara ya kwanza pembeni mwa uwele, mtoto wima kifuani, mgongo wake ulikuwa unawaka kwa macho ya watu.

"Mama Isaka," Jenifa aliita kutoka kwenye mstari wake. Jenifa alikuwa na ulimi kuliko wote, na jembe lake pia lilikuwa kali. "Umekuja kupalilia au umekuja kutalii?"

"Nimekuja kukaa."

"Tukuletee kiti?"

"Kileteni. Kiwe na mgongo."

Walicheka, naye akacheka, lakini hakuinuka. Alikaa mpaka nusu saa yake ikaisha, akaiona kwenye simu, ndipo akamfunga mtoto akashika jembe. Wenzake walipokwenda kula, yeye alikuwa bado katikati ya mstari. Akaumaliza peke yake. Kesho yake akakaa tena. Siku ya nne Jenifa alisema kwamba wakati wao walizaa na kupalilia, na watoto wao wako wapi sasa, si wanachunga ng'ombe? Felista akamjibu kwamba yeye hasemi wamekosea, anasema anakaa. Baada ya wiki mbili wakaacha kumtania, na ukimya wao ulikuwa mzito kuliko utani, kwa maana utani unamweka mtu ndani ya kundi.

Isaka alipungua kutapika. Hakuacha. Desemba ikapita, Januari nukta ikapanda. Februari Felista alimweka mtoto kwenye mzani akiwa na furaha ya mtu anayejua jibu la mtihani, na Magreth akatazama namba, akamtoa, akamweka tena. Kilo tano na kitu. Mwezi uliopita ilikuwa kilo tano na kitu kile kile. Nukta mbili zilikaa sambamba kwenye kadi, na mstari uliokuwa ukipanda ukalala chini.

Magreth aliuliza maswali mengi, akamtazama mtoto akinyonya, akamwona akiachia titi katikati, akijikunja na kulia. Mtoto alikuwa anaogopa kunyonya, alisema. Kila maziwa yanaporudi yanakuja na asidi, inamchoma, naye amejifunza kwamba kula kunauma. Akafungua kabati akatoa kidonge cha rangi mbili, akakifungua juu ya karatasi safi. Ndani hamkuwa na unga bali punje nyeupe za mviringo, ndogo kuliko uwele. Alizigawa kwa ncha ya kijiti, akazifunga kwenye vipande vya karatasi, kimoja kimoja, akafungua na vidonge vingine, mpaka vipande vikafika kumi na vinne.

Felista alikuwa amekitambua kidonge. "Hii ni dawa ya vidonda vya tumbo. Baba yangu mdogo anaimeza. Ana miaka sitini."

"Ndiyo hiyo hiyo. Kiasi ndicho tofauti."

"Haitamdhuru?"

Magreth hakuharakisha. Aliketi kwanza. "Asidi ya tumbo si adui tu, ni askari pia. Ukimpunguza askari, kuna wadudu wanaweza kupita. Anaweza kuharisha, anaweza kukohoa. Ndiyo maana sikukupa Desemba, mtoto alikuwa anatapika na kukua. Sasa hakui. Tutampa wiki mbili, tutampima, na isiposaidia tunaacha tunatafuta kingine. Ukiona homa, au damu kwenye matapishi, au matapishi ya kijani, usingoje siku yako, njoo."

Felista alizifunga zile karatasi kwenye upindo wa kanga. Alipenda kwamba hakudanganywa, na papo hapo akachukia, kwa sababu mtu aliyeambiwa ukweli hana tena wa kumlaumu.

Nyumbani Elina alitazama karatasi zikipangwa ndani ya kopo la majani ya chai.

"Ni za nini?"

"Za tumbo la Isaka. Za kupunguza asidi."

"Si ndizo anazomeza baba yako mdogo?"

Felista alikuwa amemwambia mwenyewe, zamani, katika mazungumzo ya jikoni. "Ndizo."

Elina hakupaza sauti. "Dawa ya wazee wenye vidonda unampa mtoto wa miezi mitatu. Kisu kilichomponya mume wako unakiogopa. Hebu nieleze, mwanangu. Mimi sikusoma. Nieleze nielewe."

Na Felista hakuweza kueleza. Hapo ndipo palikuwa pagumu, kuliko macho ya shambani na kuliko Jenifa. Alikuwa amesimama kati ya vitu viwili asivyovijua, na kimoja alikikataa, kingine alikikubali, na kama mtu angemwamsha asubuhi akamwuliza tofauti iko wapi, angetafuta maneno mpaka jua lipande.

Akampa. Alifungua karatasi ya kwanza, akatazama zile punje, akaona zinavyoweza kumkwama mtoto kooni. Koo hilo hilo linalogombaniwa. Kwa hiyo akafanya kile ambacho mikono ya wanawake wa kwao imekifanya tangu kuwe na uwele: alichukua jiwe dogo, akalifuta, akazisaga. Zikawa unga laini kama poda. Akauchanganya na maji ya kijiko yaliyochemshwa yakapoa, mtoto akameza bila taabu, naye akajisifu moyoni.

Siku saba alisaga. Siku saba Isaka alitapika, akajikunja, akaliachia titi. Ikafika mahali Felista akawa anatazama kila dalili kwa hofu: kinyesi kimebadilika? anapumua haraka? Huyu askari aliyepunguzwa, ni nani anayepita langoni sasa hivi? Shavu la mtoto alilibonyeza kila saa kuona kama linarudi.

Siku ya saba Elina alimpigia mwanawe. Zefania alikuwa kwenye gengi la wafanyakazi wa reli upande wa Manyoni na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Elina aliweka simu kwenye spika, katikati ya ua, ili isije kusemwa kwamba ameongea kwa siri.

"Mke wako amempa dawa zake wiki nzima," alisema. "Mtoto ni huyu hapa. Amebaki macho."

"Felista upo?" Zefania aliuliza.

"Nipo."

"Mwache mama amwite mzee. Sisi wote nyumba hii tulikatwa, na si tupo?"

"Waliopo wapo," Felista alisema. "Wasiokuwepo nani anawauliza?"

Upepo ulisikika kwenye simu, na nyundo ikigonga chuma mahali mbali. Elina aligeuza uso. Felista alijua amegusa kaburi, akajuta, lakini neno likitoka halina kamba ya kulivutia.

"Alhamisi," Zefania alisema baadaye. "Mama, mwite Alhamisi. Yaishe."

Jumatano Felista alimfunga Isaka wima kifuani akaenda kituo cha afya kwa miguu, matope yakimvuta kandambili. Magreth alishangaa kumwona kabla ya siku yake. Alimpima mtoto: hakupungua, hakuongezeka. Akauliza dawa anaipokeaje.

"Vizuri. Nasaga mpaka inakuwa laini, anameza yote."

Kalamu ya Magreth ilisimama. "Unasaga?"

"Kwa jiwe. Zisimkwame."

Magreth aliweka kalamu chini, akajishika paji la uso, na Felista akaona kwamba hamkasirikii yeye. "Mimi sikukwambia. Nilikwambia asubuhi, nilikwambia kabla ya kunyonya, hilo sikukwambia. Zile punje kila moja ina koti lake, mama Isaka. Koti ndilo linaloivusha dawa tumboni. Ukizisaga umeivua koti, tumbo linaimaliza kabla haijafanya kazi. Wiki nzima umempa kama unga tu."

"Kwa hiyo nimemharibia."

"Hujamharibia. Umempa kitu ambacho hakikumsaidia. Anza upya kesho, nzima nzima, kwenye kijiko chenye maji. Ni ndogo, hazitamkwama. Nitakuongezea karatasi saba."

Njiani alikaa kwenye jiwe, manyunyu yakianza, akamnyonyesha mtoto chini ya mwavuli wa kuazima. Alikuwa na haya kwa namna ambayo hakuwahi kuwa nayo. Miezi miwili ameshindana na watu wazima, amesema najua, amesema ngojeni, na kumbe mkono wake mwenyewe ndio ulioiua dawa. Kama alikosea jambo dogo hivi, ni kwa nini asiwe amekosea lile kubwa? Elina alikosea nini, zaidi ya kuogopa? Alitazama mashamba ya alizeti yaliyoinama kwa maji, na kwa mara ya kwanza akalifikiria lile jambo bila kiburi: amshike mtoto, dakika moja, damu kidogo, na nyumba irudi kuwa nyumba. Alimwinua Isaka wima begani. Mtoto akacheua, maziwa ya uvuguvugu yakamshuka mgongoni. Felista akakaa hivyo, akihesabu nusu saa yake chini ya manyunyu, na katika ile nusu saa jibu alilokuwa akilitafuta mbele ya Elina likamjia, taratibu, kutoka kwenye kosa lenyewe. Alipoinuka alikuwa na maneno.

Alhamisi mzee Ezekieli alifika asubuhi, amevaa koti la kanisani. Chombo chake kilikuwa ndani ya kitambaa cheupe. Hakuwa mchafu wala mzembe. Aliomba maji yachemshwe, akanawa mpaka viwikoni. Jogoo wake alikuwa ameshafungwa mguu chini ya kihenge, ndivyo anavyolipwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Leo atapumzika." Aliketi kwenye kigoda, akafunua kitambaa. "Njoo umshike."

Kila mtu Sepuka anaujua utaratibu huo. Mzee Ezekieli, na baba yake kabla yake, hakati mtoto ambaye hakushikwa na aliyemzaa. Mama ndiye anayeshika kichwa, mama ndiye anayekandamiza taya, ili baadaye pasiwe na wa kusema mtoto wangu aliibiwa akakatwa.

Felista alikuwa ameketi kwenye kizingiti, Isaka wima kifuani. Hakuinuka.

"Simshiki, baba."

Elina alisogea. "Mimi nitamshika. Mimi ni bibi yake."

"Bibi hashiki," mzee alisema. Akamgeukia Felista, si kwa hasira. "Mwanangu, mume wako amekubali. Dawa umetumia, haikufaa."

"Dawa niliiharibu mwenyewe." Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili, ambako Jenifa alikuwa ameacha kutwanga ili asikie vizuri. "Niliisaga kwa jiwe siku saba. Haisagwi. Nilikosea mimi, hakuna mwingine."

"Si unaona," Elina alisema.

"Naona, mama. Na jana nilipoambiwa nimekosea, nikaacha kusaga. Leo asubuhi nimempa nzima. Nayo ikimdhuru, kesho naiacha. Sijui kama itamponya. Mniulize mara kumi, nitasema sijui." Akamtazama mzee Ezekieli usoni, jambo ambalo mke wa umri wake hafanyi. "Wewe, baba, ukikata ukakuta tatizo halikuwa kimeo, utaachaje? Utakirudisha?"

Mzee alitazama kile chombo mapajani mwake, waya uliopindwa na ncha yake, kama mtu aliyeulizwa jina la mtu anayemfahamu na likamtoka. "Hakirudi," alisema.

"Basi."

"Wengi wamepona."

"Namshukuru Mungu. Huyu sitamshika."

Elina aliongea Kinyaturu sasa, haraka, maneno yakigongana, na katikati yake jina la yule mtoto wake aliyelala nyuma ya nyumba miaka thelathini. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, na sauti ikawa kavu. "Akifa usinililie."

"Tutalia wote, mama," Felista alisema. "Wewe umemwogesha."

Elina akakaa chini pale alipokuwa amesimama, kwenye udongo, miguu mbele. Mzee Ezekieli alikunja kitambaa chake polepole, kona kwa kona.

"Sikati kwa nguvu," alisema. "Sijawahi." Akainuka, akatazama kihenge. "Na jogoo?"

"Hujafanya kazi," Elina alisema bila kuinua kichwa.

"Nimetembea."

"Mchukue, baba," Felista alisema. "Umekuja kwa heshima."

Mzee aliondoka na jogoo kwapani. Kutoka nyumba ya pili mchi ulianza tena, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa kasi yake. Isaka alikuwa ameamka anatafuta titi. Alinyonya kidogo, akaacha, akanyonya tena. Hakuna aliyeweza kusema kama hiyo ilikuwa ni dalili ya kitu.

Simu ya Elina ikaita. Aliitazama ikiita mfukoni mwa sweta lake, akaitoa, akamnyooshea Felista.

"Imekwisha?" Zefania aliuliza. Nyuma yake watu walikuwa wanavuta chuma kwa wimbo.

"Hakukatwa."

"Mzee hakuja?"

"Alikuja. Sikumshika mtoto."

Wimbo uliendelea kule reli, ubeti mzima. "Felista, mimi nilishasema."

"Nilisikia."

"Kwa hiyo mimi sina neno nyumbani kwangu?"

"Unalo. Lakini mikono iliyotakiwa ni yangu, nami siitoi. Si leo wala Alhamisi nyingine. Jumatano ijayo anapimwa. Akiwa hajaongezeka tutakwenda Singida, kwa miguu ikibidi. Unaweza kuja kunigombeza, unaweza kuja kumbeba. Yote mawili nafasi ipo."

Alimsikia anavuta pumzi. "Nitakuja Jumamosi," alisema hatimaye, na haikujulikana anakuja kwa lipi.

"Njoo," Felista alisema. "Utatukuta hapa, na koo lake zima."